Pesa ya Mtoto: Ya Mkebeni na ya Shambani

Jumamosi moja asubuhi, upande wa Kenya wa Busia, mama mmoja anayenunua omena kwa gunia na kuiuza kwa gorogoro aliniuliza swali ninaloulizwa mara nyingi. "Dada, hii elfu mbili ninayobakisha kila mwezi kwa ajili ya mtoto, niiweke tu kwa simu ama ninunue kitu?" Mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni, amelala, kofia ya sufi imemfunika jicho moja.

Nikamwuliza pesa hiyo itatakiwa lini. Akahesabu kwa vidole vilivyojaa magamba. Chekechea, baada ya miaka mitatu. Sekondari, kama kumi na mitatu hivi. Chuo, kumi na minane, Mungu akipenda.

"Basi hiyo si pesa moja, mama. Ni pesa tatu."

Tulizungumza mpaka wateja wakaanza kusukumana. Niliyomwambia ndiyo haya, pamoja na mengine niliyojifunza Malaba, Tororo na Busia zote mbili.

1. Anza na tarehe

Watu wengi huanza na kitu: ploti, ng'ombe, hisa, akaunti ya watoto yenye picha ya kibubu. Anza na tarehe. Pesa itakayotakiwa kabla ya miaka mitatu kwisha isifanyiwe majaribio. Iwe taslimu, mahali unapoweza kuifikia. Pesa ambayo haitaguswa kwa miaka saba na zaidi ikikaa taslimu inaliwa kimyakimya, kwa hiyo iwekeze. Ile ya katikati igawe, na kadiri tarehe inavyokaribia uihamishe kidogokidogo kutoka kwenye uwekezaji kuja kwenye taslimu.

Mtoto akiwa na mwaka mmoja, karo ya Chuo Kuu cha Busitema au cha Alupe iko mbali sana. Akiwa kidato cha mwisho, iko mlangoni. Kosa ninaloliona sana ni mzazi kuuza shamba wiki ya kufungua chuo, kwa bei ya mtu mwenye haraka. Mnunuzi anajua ana haraka. Mzazi huyo angeuza mwaka mmoja kabla, angechagua mnunuzi.

2. Dharura kwanza, mtoto baadaye

Najua inasikika vibaya. Lakini kumbuka 2020. Mpaka ulipofungwa kwa ajili ya korona, malori yalipanga foleni ndefu Malaba na wachuuzi wadogo wa Busia wakakosa njia ya kuvuka. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Mwenye ploti hakuweza kuila. Mwenye kidogo taslimu alinunua unga, na muhimu zaidi, hakulazimika kuuza ploti yake kwa hasara.

Matumizi ya nyumbani ya miezi mitatu yakiwa kando, uwekezaji wa mtoto unapata mlinzi. Huwezi kuyafikia kwa mara moja? Anza na ya wiki mbili.

3. Mkebe una mashimo usiyoyaona

Mama yangu aliuza pamba na samaki wakavu karibu na Nagongera, wilaya ya Tororo. Pesa ya masomo yetu ilikaa kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo, chini ya kitanda, noti zimekunjwa na kufungwa kwa uzi mwekundu. Mei 1987 serikali ya Uganda ilibadilisha fedha: shilingi mia za zamani zikawa moja mpya, na juu ya hapo ikakatwa asilimia 30 ya kila kilichobadilishwa. Mama alikuwa na laki mbili. Zikawa elfu mbili, zikakatwa, akarudi na 1,400. Bei za sokoni nazo zilipunguzwa sifuri mbili, kwa hiyo hasara yake ilikuwa ile 30. Kisha bei zikaendelea kupanda. Namkumbuka amekaa kwenye kizingiti, uzi ule mwekundu ukiwa bado umezunguka kidole chake.

Usidhani ni habari za kale. Oktoba 2011 mfumuko wa bei Uganda ulivuka asilimia 30. Mwezi uliofuata Kenya ilikaribia 20. Na mwaka 2019 Kenya ilitoa noti mpya na kuamuru noti zote za zamani za shilingi 1,000 zibadilishwe kabla ya mwisho wa Septemba. Upande wetu huu wa Uganda kulikuwa na mikebe mingi yenye noti hizo.

Hata miaka ya amani mkebe unavuja. Benki Kuu ya Kenya na ile ya Uganda zote hulenga bei zipande kwa kama asilimia 5 kwa mwaka, na hiyo ni hali ya kawaida. Sasa piga hesabu hii pamoja nami. Shilingi 500 za Kenya kila mwezi kwa miaka 18 ni 108,000. Zikikaa mkebeni, siku mtoto anatimiza miaka 18 zitanunua kile ambacho leo unanunua kwa kama 45,000. Zikiwa mahali panapoleta asilimia 10 kwa mwaka baada ya kodi, na faida ikarudishwa humohumo, zinafika kama 300,000, ambazo zitanunua cha leo cha kama 125,000.

Soma tena tarakimu hiyo ya mwisho. Uwekezaji mzuri haukumfanya mtoto tajiri. Ulizuia jasho la mzazi lisiyeyuke, ukaongeza kidogo juu. Anayekuahidi zaidi ya hapo bila hatari, msubiri kwenye kidokezo cha 9.

4. Weka akiba kwa sarafu ya karo

Kidokezo hiki ni chetu sisi wa mpakani, na sijakiona kwenye vitabu vya fedha vinavyouzwa Nairobi au Kampala.

Watoto wengi wa Busia ya Kenya wanasoma Uganda, na wa huku wanasoma huko. Mzazi anapata shilingi za Kenya, shule inataka za Uganda. Mwaka 2019 shilingi moja ya Kenya ilikuwa inapata kama 36 za Uganda. Mapema 2024, shilingi ya Kenya ilipoporomoka hadi kama 160 kwa dola, ikawa inapata kama 24 tu. Miezi michache baadaye ikapanda tena hadi kama 29.

Iweke hiyo kwenye karo. Muhula wa 600,000 za Uganda ulikuwa kama 16,700 za Kenya mwaka 2019. Mapema 2024 muhula huohuo, hata kama shule haikuongeza senti, ulikuwa 25,000. Ukangoja kidogo, kama 20,700.

Wale vijana wa kubadilisha fedha pale mpakani, wenye kikokotoo mkononi na mabunda yaliyofungwa kwa mpira, hawapangi bei hiyo, wanaifuata. Nawe huwezi kuibashiri, wala usijaribu. Fanya jambo rahisi: kama karo ya Februari ni ya Uganda, badilisha theluthi moja Novemba, theluthi Desemba, theluthi Januari. Hutapata bei bora kuliko zote, lakini hutapata ile mbaya kuliko zote. Kwa pesa ya mbali, ambayo hujui mtoto atasomea wapi, weka kidogo kila upande. Na usibadilishe leo kisha urudishe kesho kwa sababu umesikia tetesi: kila safari ya kubadilisha ina ujira wake.

5. Pesa ya karibu ina nyumba nne

Simu ni rahisi, na kwa urahisi huohuo inatoka. Uganda pia kuna kodi ya asilimia 0.5 ya kila unachotoa kwenye pesa ya simu. Ukiweka na kutoa kila wiki inakuuma. Simu iwe kituo cha kupita, pesa isilale humo muhula mzima.

Benki ina kinga. Benki ikianguka, Kenya mwenye akaunti analindwa hadi shilingi 500,000 na Uganda hadi milioni 10 za Uganda, kwa kila mtu katika kila benki. Si maneno matupu: Imperial Bank iliwekwa chini ya usimamizi Oktoba 2015, Chase Bank Aprili 2016, na Oktoba mwaka huohuo Benki Kuu ya Uganda ikaitwaa Crane Bank. Kinga hiyo haifiki kwenye SACCO wala kwenye chama.

SACCO ina faida yake: gawio mara nyingi linaishinda riba ya akaunti ya kawaida, na unaweza kukopa karo kwa akiba yako. Uliza kama ina leseni. Kenya msimamizi ni SASRA. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: nikitaka kutoka, akiba yangu narudishiwa baada ya siku ngapi?

Na chama. Nilikaa na kikundi kimoja nje kidogo ya mji wa Tororo, chini ya mwembe, mwamba mkubwa wa Tororo ukionekana nyuma ya mabati. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa wanawake watatu wasiokaa nyumba jirani. Kila hisa ni muhuri mmoja kwenye kitabu. Asiyejua kusoma anahesabu mihuri. Mwenyekiti akitaja kilichokuwemo wiki iliyopita, wanachama wote wanakitaja pamoja naye kwa sauti, ndipo sanduku linafunguliwa. Nimeona benki zisizo na uwazi kama huo.

Tatizo lao lilikuwa moja. Mgao ulikuwa unafanyika wiki ya Krismasi. Pesa ya karo ilifika nyumbani pamoja na wageni, mchele na nguo mpya, na shule zikifunguliwa, imebaki nusu. Waliusogeza mgao hadi wiki ya tatu ya Januari, kabla ya muhula wa Uganda kuanza. Chama chenu kikiwa na watoto wengi upande wa Kenya, ambako shule hufungua mapema Januari, ufanyeni siku mbili kabla ya kufungua. Hamhitaji kuweka akiba zaidi. Badilisheni siku tu.

6. Pesa ya mbali: anza na serikali, kisha panda ngazi

Dhamana za serikali si za matajiri peke yao. Uganda unaweza kuanza na shilingi 100,000, kupitia benki yako, baada ya kufunguliwa akaunti ya dhamana Benki Kuu. Kenya kiwango cha chini ni shilingi 50,000, na tangu 2023 kuna mfumo wa DhowCSD, ambapo unajisajili kwa simu na kununua bila dalali. Zipo za siku 91, 182 na 364, na zipo hati fungani za miaka mingi. Kumbuka kodi inayokatwa kwenye riba: Kenya asilimia 15, ila hati za miaka kumi na zaidi hukatwa 10 na hati fungani za miundombinu zimesamehewa, Uganda 20, ila hati za miaka kumi na zaidi hukatwa 10. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, hati ya miaka kumi na tano inaoana na umri wake vizuri sana.

Huna 50,000 kwa mkupuo? Mifuko ya uwekezaji wa pamoja hukusanya pesa za wengi na kununua dhamana hizohizo. Unaweka kidogo kidogo. Hakikisha mfuko una leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya nchi yako. Tanzania wana mfano mzuri wa kuigwa: shirika la UTT lilianzisha Mfuko wa Watoto mwaka 2008, kwa ajili ya jambo hilihili tunalozungumzia. Natamani kila nchi yetu iwe na wa kwake unaojulikana mpaka sokoni.

Hisa ni ngazi ya juu zaidi, na ina upepo. Safaricom ilipouza hisa zake mwaka 2008 kwa shilingi 5, Wakenya zaidi ya 800,000 walijitokeza, wengine kwa mkopo. Mapema 2009 hisa ilikuwa chini ya 3. Waliokopa waliuza kwa machozi. Waliotumia pesa isiyo na haraka walisubiri, wakala gawio, na mwaka 2021 wakaiona ikivuka 40. Kisha 2023 ikashuka chini ya 15. Aliyehitaji karo 2021 alicheka, aliyehitaji 2023 alilia, na hisa ni ileile. Ndiyo maana nasema tarehe.

7. Ng'ombe, mikaratusi na ploti

Wazee wetu waliwekeza kabla neno hilo halijaingia redioni. Jirani wa mama aliyekuwa na ng'ombe mwaka 1987 hakukatwa asilimia 30. Lakini miaka hiyohiyo wezi wa mifugo waliingia Teso na kumaliza mazizi kwa usiku mmoja. Leo wezi wamepungua, ila ugonjwa wa miguu na midomo ukitangazwa, minada inafungwa, na mwenye ng'ombe kumi anakosa karo ya mtoto mmoja. Ng'ombe ni uwekezaji mzuri wa miaka mitatu hadi mitano. Usiutegemee kwa siku maalumu.

Mikaratusi naipenda kwa mtoto mdogo: unapanda akianza chekechea, unavuna nguzo akikaribia sekondari. Isipandwe karibu na kisima wala na mahindi ya jirani, maana inakunywa sana.

Ploti ndiyo inayowavunja wengi hapa mpakani, kwa sababu ya sheria. Mkenya hawezi kumiliki ardhi Uganda moja kwa moja. Anaweza kupangishwa kwa muda usiozidi miaka 99. Katiba ya Kenya ya 2010 inamwekea Mganda kikomo hichohicho. Wengi wanapita njia ya mkato: wananunua kwa jina la binamu wa upande wa pili, kwa kuwa Wasamia na Wateso ni ndugu kote kuwili. Binamu ni mwema. Je, watoto wake nao? Mtoto wako atakapotaka kuuza ploti hiyo aende chuo, atakuwa mgeni mbele ya hati. Nunua upande ulio na uraia wako, au andikisha upangaji wenyewe kwa wakili.

8. Bima ya elimu

Ina jambo moja ambalo akaunti haina: mzazi akifariki, karo inaendelea. Kwa mama anayelea peke yake, hilo lina uzito. Ila kabla ya kutia sahihi, mwambie wakala akuandikie kwenye karatasi: nikishindwa kulipa mwaka wa tatu, narudishiwa kiasi gani? Mara nyingi ni kidogo kuliko ulichoweka. Kama kipato chako kinapanda na kushuka kama cha wachuuzi wengi wa mpakani, chagua kiwango cha chini kabisa.

9. Anayekualika "kupanda mbegu"

Mwaka 2009 Tanzania, maelfu ya watu walikuwa "wamepanda" pesa DECI, mpango ulioendeshwa na wachungaji, wakingoja "kuvuna" mara mbili na zaidi. Serikali iliusimamisha. Kenya ilikuwa imeshapitia mipango ya aina hiyo 2006 na 2007. Lugha hubadilika, leo ni sarafu za mtandaoni na programu za simu, lakini hesabu ni ileile: pesa ya anayeingia leo inamlipa aliyeingia jana.

Kuna kipimo unachoweza kubeba kichwani. Gawa 72 kwa kiwango cha riba, upate miaka ya pesa kujizidisha mara mbili. Kwa asilimia 12 ni miaka sita. Mtu anayekuambia mwezi mmoja, mwulize inatoka wapi, na mwulize mbele ya watu.

Ninawaomba sana wazazi wenzangu: pesa ya mtoto isiingie huko hata shilingi moja, hata kama aliyekualika ni shemeji.

10. Andika majina

Mrithi kwenye akaunti, kwenye SACCO, kwenye pesa ya simu, kwenye kitabu cha chama. Mtoto chini ya miaka 18 anahitaji mtu mzima wa kumshikia, kwa hiyo mtaje huyo pia, na umwambie. Andika orodha ya mahali pesa ilipo, bila namba za siri, uiache kwa mtu unayemwamini. Inachukua nusu saa.

Yule mama wa omena aligawa elfu mbili yake hivi: elfu moja chekechea, mia tano dharura, mia tano ya mbali. Alikataa kuandika; akachukua vifuko vitatu vya plastiki vya kufungia samaki, akatia noti, akavifunga kimoja fundo moja, kingine mawili, kingine matatu. "Cha mafundo matatu," akasema akikisukuma chini kabisa ya mkoba, "nikitaka kukifungua kwa hasira, huyu atakuwa ameshaamka." Mtoto alikuwa ameamka tayari, kofia imeanguka kwenye gunia, anatutazama.